Foleni Imesogea

Ukipita Mpemba ukielekea Tunduma mjini utayaona malori, hata kama hukuyatafuta. Yamejipanga ukingoni mwa barabara, lori nyuma ya lori, yakisubiri zamu ya kuvuka kuingia Zambia. Mengine yamebeba mafuta, mengine salfa, mengine mbolea, na mengi yana safari ya kufika hadi Kongo. Foleni hiyo haina adabu. Inaweza kulala tangu chai ya asubuhi mpaka jua la mchana likuchome utosi, kisha ghafla inakurupuka kama mtu aliyekumbuka ameacha maziwa jikoni.

Dereva naye ni binadamu. Ametoka pwani na usukani mikononi, amepanda Kitonga, amepita Makambako na Mbeya, na sasa amesimamishwa. Anaegemeza kichwa ajinyooshe kidogo tu, na usingizi unamchukua mzima mzima. Hapo ndipo Ayoub Silwimba anapopatia ugali wake. Kazi yake ni kuwaamsha.

Najua unacheka. Hata mama yake alicheka, tena alikaa chini kwanza ili acheke vizuri. Tunduma kuna vijana wanaobadilisha fedha, wapo wanaobeba mizigo, wapo wanaouza simu na viatu, na yupo huyu mmoja anayeishi kwa kugonga milango ya watu waliolala. Lakini kabla hujamaliza kucheka, ijue foleni ile inavyokwenda.

Lori moja likisogea na la nyuma yake lisisogee, panabaki pengo. Pengo kwenye foleni ya Tunduma ni kama nyama iliyoachwa wazi mbele ya paka. Wa nyuma wanatanua upande wa pili wa barabara ili wajichomeke, anayetoka mjini anakutana nao uso kwa uso, hakuna anayekubali kurudi nyuma kwa kuwa wote ni wanaume, na barabara inafunga. Mwenye mkokoteni hapiti, mgonjwa hapiti, hata bwana harusi hapiti. Na chanzo cha yote ni mtu mmoja aliyelala fofofo akiota yuko kwao.

Ayoub hakuajiriwa na mtu. Alikuwa akiuza maji ya chupa, siku moja akaona lori limeachwa na foleni, akamgongea dereva. Yule dereva akashukuru, akampa soda, akamwambia mwenzake, na mwenzake akamwambia mwenzake. Siku hizi dereva akitaka kulala humwita kwanza dirishani, "Ayoub, mimi napumzika," kisha huvuta pazia na kulala kwa amani kama mtoto aliye mgongoni mwa bibi yake.

Kuamsha nako kuna namna yake. Mtu akiamshwa kwa kishindo huamka na ngumi, maana akili yake yote iko kwa wezi wa barabarani. Kwa hiyo Ayoub hutumia fimbo nyembamba ya mti wa mkahawa aliyokatiwa na babu yake mzaa mama kule Mbozi. Hugonga mlango mara tatu, taratibu, chini ya kioo, halafu hulitaja jina la mtu na kusema, "Foleni imesogea." Hapayuki wala hana haraka. Kisha husimama pale pale mpaka aone macho yamefunguka kweli, kwa sababu wapo wanaoitika wakiwa bado wamelala. Wengi huuliza, "Imesogea mpaka wapi?" naye huwajibu ukweli, hata kama ni hatua chache tu.

Madereva wa Zambia yeye huwasalimia kwa Kibemba, "Mwashibukeni," salamu yao ya asubuhi, ambayo ni kama kumwambia mtu kwamba ameamka. Nao wakambandika jina hilo hilo. Wakimwona kwa mbali huita, "Ba Mwashibukeni!" hata ikiwa ni jioni.

Ni kazi hiyo hiyo iliyompa Rosemary. Binti huyo alitoka Ibaba, kule juu Ileje ambako ukungu huingia ndani bila hodi, akaja kukaa kwa dada yake Mpemba na kuuza chai na viazi vya kuchemsha pembeni ya malori. Biashara ilimwia ngumu kwa sababu wateja wake walikuwa wamelala. Ayoub akipita, wanaamka na njaa, na mtu wa kwanza wanayemwona baada yake ni Rosemary na birika lake. Baada ya miezi kadhaa Rosemary alianza kumwekea Ayoub kikombe cha bati chenye ua jekundu, ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Madereva walikielewa kikombe hicho kabla ya mwenyewe. Ilibidi mmoja wao amwambie, "Kaka, unaamsha watu wote lakini wewe umelala." Ayoub akaamka.

Rosemary akarudi kwao, kama inavyotakiwa, ili aposwe nyumbani kwa baba yake. Kabla ya kuondoka alimpa Ayoub onyo moja.

"Baba ni mtu mwema," alisema, "ila husinzia. Akisinzia, msimguse. Nyumbani hakuna anayethubutu kumwamsha."

Alimweleza kwamba tangu mama yake afariki, mzee Gwalugano Kibona husinzia kitini popote panapokuwa na maneno marefu, na mtu akimtikisa bega huamka na hasira ya kuvunja kikao. Kaka mkubwa wa Rosemary aliwahi kumwamsha siku ya kugawana mashamba ya viazi, na mashamba hayo hayajagawanywa mpaka leo.

Mshenga alikuwa Gasper, rafiki wa Ayoub tangu shule ya msingi, dalali wa mahindi. Ulimi wa dalali hauna breki, na kwa kawaida mshenga wa namna hiyo ni baraka. Walipanda Ibaba na sukari, vitenge na blanketi la mzee, wakakaribishwa ndani, wakaketi. Ayoub aliinamisha macho na kufunga mdomo, kwa kuwa mposaji hasemi mpaka asemeshwe.

"Kijana wenu anafanya kazi gani?" mzee Kibona aliuliza.

Gasper alimtazama Ayoub, akaiona ile fimbo ya mkahawa imelazwa miguuni pake. Akawatazama wazee wa Ibaba, watu wenye mashamba, ng'ombe na wajukuu waliosoma. Akaogopa.

"Mzee wangu," alisema, "kijana wetu ni msimamizi wa mwendo wa malori ya kimataifa, pale mpakani."

Sebule nzima iliguna kwa heshima. Ayoub alisikia joto likimpanda masikioni. Alitaka kusema, lakini desturi ilikuwa imemziba mdomo, na tusifichane, woga nao ulisaidia kuziba. Mzee mwingine akauliza ofisi yenyewe ikoje. Gasper akajibu kwamba ni ofisi kubwa sana isiyo na ukuta, na wazee wakadhani ndio ujenzi wa siku hizi.

Gasper aliipamba kazi ile mpaka maneno yakawa marefu, na maneno yalipokuwa marefu mzee Kibona akasinzia. Wakasubiri. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Rosemary, aliyekuwa chumba cha pili, alikohoa kwa makusudi mpaka koo likamuuma kweli. Mzee hakujigeuza. Wageni waliondoka bila jibu ili wawahi kushuka Itumba kabla mvua haijaharibu njia.

Siku chache baadaye neno likaja kwa simu. Ukoo umeamua kwamba shangazi Atuganile, dada wa mzee Kibona, ateremke Tunduma Jumamosi aione kwa macho yake kazi ya kijana. Siku ya posa shangazi huyo alikuwa Chitete akimuuguza mjukuu, kwa hiyo yeye na Ayoub hawakuwa wamewahi kuonana. Akirudi na neno jema, wataitwa tena. Akirudi na neno baya, yupo mfanyabiashara wa mbao ambaye amekwisha kuulizia habari za Rosemary, na mtu huyo ana gari.

"Nimekwisha," Ayoub alisema.

"Bado," alisema Gasper. "Nina jamaa yangu mwenye ofisi ya uwakala wa forodha mjini. Jumamosi ataniachia meza. Wewe vaa koti, kaa nyuma ya meza. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema 'tunalishughulikia'. Wenye ofisi wote husema hivyo."

Ayoub alilala vibaya wiki nzima. Alimpenda Rosemary kiasi kwamba alikuwa tayari kukaa nyuma ya meza, na kwa mtu aliyezoea kutembea siku nzima huo si upendo mdogo. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Ya Gasper ilikuwa fupi zaidi, kwa kuwa mtu akitoka Ibaba kwenda Tunduma lazima apite Mpemba.

Jumamosi ikafika. Ayoub aliketi kwenye ofisi ya watu akiwa na koti la kuazima ambalo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Fimbo aliificha chini ya meza, lakini kila mara mguu wake uliitafuta.

Kule Mpemba alikuwa amefika alfajiri dereva mmoja aitwaye Makene, Msukuma mwenye mwili wa pipa na usingizi wa pono. Lori lake lilisimama karibu na pale barabara ya Isongole inapoingia kwenye barabara kuu. Makene hata hakuhangaika kumwita Ayoub. Alijua yupo, kama vile anavyojua breki zipo. Akavuta pazia.

Foleni ikasogea. Makene hakusogea.

Waliokuwa nyuma walipiga honi, lakini mtu aliyelala barabarani nusu ya maisha yake honi kwake ni wimbo wa kumbembeleza. Wengine wakadhani lori limeharibika. Mmoja akatanua, wa pili akamfuata, na malori yaliyotoka Zambia na shaba yakawakuta katikati. Kufumba na kufumbua Mpemba yote ilikuwa imekabana, magari yametazamana, na kila dereva amezima injini na kukunja mikono kuonyesha kwamba yeye hataanza.

Simu ya Ayoub ikaita. Alikuwa dereva mmoja wa foleni.

"Uko wapi, Ayoub? Makene amelala, barabara imefunga. Kuna bajaji hapa ina mama mwenye uchungu wa kujifungua, haipiti mbele wala nyuma."

Ayoub akasimama.

"Usithubutu," Gasper alisema. "Shangazi anafika muda wowote."

"Atafikaje, na barabara imefunga?"

Ayoub alikuwa amekwisha kuinama kuchukua fimbo. Alijua anachokiacha pale mezani. Akilini alimwona Rosemary akimmiminia mtu mwingine chai, akamwona na yule wa mbao na gari lake, na moyo ukamuuma. Hata hivyo alitoka, akapanda bodaboda, akamwambia kijana apite popote panapopitika.

Alimkuta mama mmoja mfupi, mnene kiasi, amesimama mbele ya lori la Makene akiupiga mlango kwa mwavuli kwa nguvu zake zote. Nyuma yake ilikuwa ile bajaji, na ndani yake mwanamke mwenye uchungu ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," Ayoub alisema. "Naomba nafasi kidogo."

"Marahaba. Gonga basi, labda wewe una mikono mizuri. Mimi nimegonga mpaka mwavuli umepinda."

Ayoub akagonga mara tatu, taratibu, chini ya kioo. "Makene," alisema. "Foleni imesogea."

Pazia likacheza. Uso mkubwa ukatokea, umekunjamana lakini hauna hasira. "Imesogea mpaka wapi?"

"Mbali, kaka. Tena tumefunga barabara. Washa, sogea kulia nikuonyeshe."

Kumwamsha Makene kulikuwa mwanzo tu. Sasa yalibaki yale malori yaliyotazamana, na madereva waliokunja mikono. Ayoub alikwenda kwa mmoja mmoja. Hakuwa na sare wala filimbi, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakuwahi kuamshwa naye akiwa karibu kupitwa. Kila mmoja alimwita kwa jina lake. Yule wa mafuta, aliyekuwa ameapa kwamba hatarudi nyuma hata akifa, alirudi nyuma akilalamika kwa sauti ili watu wasidhani amefurahi. Mzambia wa shaba alimsikiliza, akacheka, akasema, "Kwa Ba Mwashibukeni tu," akasogeza gurudumu hadi kwenye majani. Pakapatikana njia nyembamba. Bajaji ikapita kwanza, na yule mama mwenye mwavuli alikimbia kando yake hatua chache akimwambia mwanamke wa ndani apumue taratibu.

Walipobaki wamesimama wawili, Ayoub akijifuta jasho kwa mkono wa koti la watu, yule mama alimtazama toka juu mpaka chini.

"Mwanangu, wewe ni askari?"

"Hapana, mama."

"Una cheo gani hapa?"

"Sina cheo. Mimi huwaamsha madereva wakilala. Leo sikuwepo, ndiyo maana mmeteseka. Mnisamehe."

"Ulikuwa wapi?"

Ayoub alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kubeba uongo. "Nilikaa kwenye ofisi ya mtu, mama, namsubiri mgeni nimdanganye kwamba ni ya kwangu."

"Mgeni gani huyo?"

"Shangazi wa mchumba wangu. Anatoka Ibaba."

Yule mama aligeuka akaitazama pikapu iliyosimama nyuma yake, na Ayoub naye akaitazama. Ilikuwa imejaa viazi. Magurudumu yake yalikuwa na udongo wa milimani, na kwenye kiti cha mbele jogoo mwekundu aliyefungwa miguu alikuwa akimkodolea macho. Ni zawadi ya namna hiyo anayokuja nayo mtu aliyetumwa kumwangalia mkwe.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

"Ulishaniamkia," alisema shangazi Atuganile. Kisha akaufungua mwavuli wake uliopinda. "Nimetumwa kuiona kazi yako. Basi ifanye niione."

Siku ile yote walitembea pamoja kando ya foleni, Ayoub mbele na fimbo, shangazi nyuma na mwavuli, na jogoo akabaki kumlinda mwenye pikapu. Shangazi hakusifu wala hakulaumu. Aliwauliza madereva wanatoka wapi na wameacha watoto wangapi, na mmoja aliyesema hajala alimpa viazi. Mchana alimwona dereva mzee akiamshwa, akamwona akitabasamu kabla ya kufungua macho, na hapo alisimama muda mrefu kidogo. Baadaye Gasper akatokea akihema, funguo za ofisi mkononi.

"Mama, karibu sana, twende ukaione ofisi."

"Nimeiona," shangazi alisema. "Haina ukuta, kama ulivyowaambia wazee."

Alirudi Ibaba bila kutoa neno. Ayoub aliendelea na kazi, lakini kile kikombe cha ua jekundu, ambacho Rosemary alimwachia dada yake, aliyeshika biashara yake ya chai, hakukigusa. Alikigeuza chini juu kwenye meza ya chai, akasema atakinywea siku atakayojua hatima yake. Madereva walimwonea huruma, na Makene, aliyejiona ndiye mwenye kosa, kila alipopita alimletea mchele wa Kahama.

Hatimaye wakaitwa. Safari hii Ayoub hakuvaa koti la mtu. Alivaa shati lake, akaichukua fimbo yake, akamwambia Gasper, "Leo tunasema lililopo." Gasper alikubali kwa shingo upande, kama mtu aliyeambiwa alime bila jembe.

Sebule ya mzee Kibona ilikuwa imejaa. Mzee mwenyewe aliketi kwenye kiti chake cha mbao chenye mikono, blanketi waliloleta wageni likiwa mabegani mwake. Shangazi Atuganile akasimama, akaeleza kila kitu, bajaji na mwavuli na Makene, na hakuficha kwamba ile ofisi ilikuwa ya kuazima. Gasper aliitazama sakafu. Ayoub akaombwa aseme, akasema kwa kifupi kwamba kazi yake ni kuamsha watu, kwamba walifanya kosa kuificha, na kwamba anaomba radhi.

Kaka mkubwa wa Rosemary hakuridhika. "Walitudanganya. Tena kazi yenyewe ni kugonga milango. Tutawaambia nini watu? Kwamba binti yetu ameolewa na mgonga milango?"

"Kazi mbaya si mchezo mwema," alisema mjomba mmoja.

"Wa mbao ana gari," alisema mwingine.

Wakabishana. Kaka akakumbushia ukoo na heshima yake, mjomba akakumbushia kazi alizofanya yeye ujanani huko migodini, shangazi akawakumbusha wote kwamba hakuna aliyezaliwa na cheo. Maneno yakawa marefu. Na unajua kilichotokea, kwa maana hata wao walijua, ila walichelewa kuangalia. Kidevu cha mzee Kibona kilikuwa kimezama kwenye blanketi.

Neno la mwisho lilikuwa la mzee peke yake, na mzee hayupo. Nje mawingu yalikuwa yakishuka mlimani, na dereva wa wageni alichungulia kuuliza kama watalala. Kaka mkubwa alikunja mikono. Yeye mashamba yake yalikwama pale pale, hakuwa tayari kurudia. Nyuma ya pazia la chumba cha pili ilionekana miguu ya Rosemary, imesimama bila kutikisika. Safari hii hakukohoa. Ayoub aliitazama miguu ile, akajua kwamba wakiondoka tena bila jibu hawataitwa mara ya tatu.

Shangazi Atuganile akamgeukia. "Haya, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kazi yako hiyo."

Mtu mmoja akavuta pumzi. Mposaji kumwamsha baba wa binti ni jambo ambalo Ibaba halikuwahi kusikika. Ayoub aliinuka, akapita katikati ya magoti ya wazee, akachuchumaa kando ya kiti ili asimsimamie mzee kichwani. Kisha akagonga mkono wa kiti kwa fimbo ya mkahawa mara tatu, taratibu.

"Mzee Kibona," alisema. "Foleni imesogea."

Kope zikacheza. Macho yakafunguka, yakatazama paa, yakateremka kwenye ile fimbo, yakabaki pale. Watu wote walikuwa wakisubiri hasira. Haikuja.

"Imesogea mpaka wapi?" mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Mpaka kwako, mzee. Sisi wengine tuko nyuma yako."

Mzee Kibona aliupapasa mkono wa kiti mahali fimbo ilipogonga. "Mama yenu alikuwa akigonga hapa hapa," aliwaambia wanawe. "Kwa mpini wa mwiko. Mara tatu, halafu ananiambia chakula tayari, hanigusi. Tangu ametutoka mnanitikisa kama mti wa mapera. Mtu ataamka vipi na moyo mzuri?"

Kaka mkubwa aliinamisha kichwa. Hakuna aliyekuwa amejua. Shangazi Atuganile alijifuta jicho kwa ncha ya kitenge, bila kujificha. Pazia la chumba cha pili likafunguka, na Rosemary akatoka na sinia la chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

"Ndaga, mwanangu," mzee alimshukuru Ayoub kwa lugha ya kwao, na wote waliokuwepo walilisikia hilo "mwanangu". Kisha akajiweka sawa kitini na kumtazama dada yake. "Waambie wageni tumekubali. Ila huyu asirudi kule mlangoni alikokuwa amekaa. Mletee kigoda akae hapa karibu na kiti changu, maana bado kuna kikao cha mahari, na kile ni kirefu sana."